Mnara Umemfika Mlinga Kiunoni

Jumatatu, 4 Februari 1957

Wamemchukua Uweso. Saa tatu asubuhi, mchana kweupe, nami nimekaa kibarazani nakata kucha za miguu. Askari wanne kwa mtu mmoja mwembamba kama yule! Mmoja akanipa shikamoo kabla ya kumtia pingu mpwa wangu. Adabu nzuri. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje.

Ndugu yangu Mwamvua akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakulia. Alisimama mlangoni akawatazama wakimpandisha garini mwanawe, wali ukaungua ndani mpaka majirani wakaja kuuliza.

Habari yenyewe ni hii, niiandike kabla watu wa Mabawa hawajaitia chumvi. Alhamisi iliyopita alfajiri jahazi la Kipemba lilikuwa limetia nanga nje ya kisiwa cha Ulenge, likingoja kukuche liingie bandarini. Ikaja mashua, watu watano, wana mapanga. Wakachukua magunia ya karafuu. Baharia mmoja, Faki, mdogo wake nahodha, akakatwa begani kukatwa kubaya. Wezi watatu wamekamatwa Vanga, upande wa Kenya. Wa nne hajulikani alipo. Wa tano, aliyeshika usukani, ni Uweso wetu.

Anasema aliambiwa ni magendo tu. Eti nahodha wa jahazi yumo, karafuu zitashushwa kimya kimya, kila mtu ashike njia yake. Namsadiki. Uweso ukimwambia jambo analiamini. Kosa la malezi hilo — baba yake alikufa mapema, nimemlea mimi.

Jumatano, 6 Februari

Nimepeleka chakula mahabusu. Mlangoni nimemkuta Ernesti, karani mkalimani wa polisi. Kijana wa Kikatoliki, anakaa Nguvumali, baba yake Mnyamwezi aliyeletwa huku na mkonge. Mtani wangu.

— Shikamoo mzee Idarusi. Bado hujafa?

— Marahaba. Nakungoja utangulie ukanishikie nafasi.

Tukacheka kidogo, kisha hatukucheka. Kasema kesi ya Uweso imewashinda wakubwa. Jahazi ni la Pemba, basi kesi ni ya Unguja. Mashua ni ya Vanga, basi ni ya Kenya. Uweso yuko Tanga, basi ni ya Tanganyika. Simu zinakwenda na kurudi tangu Jumamosi. Kila mmoja anamwambia mwenzake tafadhali bwana, tangulia wewe. Watu watatu mlangoni na hakuna anayetaka kuingia kwanza! Hata zile karafuu zimekwama Horohoro mpakani, hakuna ajuaye karatasi gani izivushe.

Nikamwuliza: wote hao si Mwingereza mmoja?

— Ni mmoja, mzee. Lakini ana mafaili matatu.

Halafu akaniambia neno. Kasema yote yanategemea mahali walipoibia. Ndani ya maili tatu kutoka nchi kavu, bahari ni ya Tanganyika. Nje ya hapo ni bahari kuu. Haina mwenyewe.

Haina mwenyewe! Nimelibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyeokota kito, nikiangalia nyuma nisije nikanyang'anywa.

Jumamosi, 9 Februari

Nimeitwa na Inspekta wa polisi. Nikadhani na mimi nimo. Kumbe wanataka ilimu yangu! Miaka thelathini na moja rubani wa bandari hii, nimemwingizia meli Mdachi, nimemwingizia Mwingereza, hakuna aliyenipa hata kigoda. Leo nimepewa kiti chenye mikono, na chai.

Shida yao ni hii. Nahodha Shekhe wa Wete, yule aliyeibiwa, aliandikisha maneno yake kabla ya kurudi Pemba na majeruhi wake. Kaulizwa alikuwa wapi. Kasema: mnara wa Ulenge ulikuwa umemfika Mlinga kiunoni. Basi. Inspekta ameigeuza ramani yake ya bahari siku nne nzima, kiuno hakukiona.

Nikamfafanulia. Sisi mabaharia wa huku namba zetu ni viungo vya mwili. Ukiwa nje unautazama mlima Mlinga kule bara, na mnara wa taa wa Ulenge umesimama mbele yake. Ukiwa karibu, mnara ni mrefu, unamfika mlima shingoni. Ukizidi kutoka, mnara unanywea. Unamfika kiunoni. Kisha magotini. Mwisho nyayoni, hapo umeshaaga nchi. Nikasimama nikamwonyesha kwa mwili wangu mwenyewe, huku shingo, huku kiuno, nikakizungusha kidogo. Ernesti anatafsiri na huku anajiuma mdomo. Inspekta hakucheka. Inspekta aliandika "kiuno".

Akauliza: sasa kiunoni ni maili ngapi?

Kiunoni ni maili moja na nusu, au na kitu kidogo. Mtoto yeyote wa Mnyanjani anajua. Ndani kabisa ya maili tatu.

Nikanywa chai kwanza. Nikasema: hapo ujue, bwana, huyu nahodha ni Mpemba. Wao kutoka kwao wanauona Mlinga nusu, nusu imezama majini. Kwa hiyo kiuno chao wao ndizo nyayo zetu sisi.

Uongo mtupu! Umenitoka laini kama samli. Hata mimi nusura niusadiki. Nikashika penseli, nikatia nukta kwenye ramani, maili sita nje, palipopakwa rangi ya buluu nzito. Ukaletwa msahafu. Nikaapa. Nikatia sahihi kwa herufi za kujipinda nilizofundishwa skuli ya Mdachi, miaka miwili tu, kabla sijafukuzwa kwa kumchora mwalimu na ndevu za beberu.

Mahali pasipo na mwenyewe hapana hakimu. Serikali zote tatu zishaanza kusema si yangu, si yangu. Sasa zitasema kwa haki. Faili litafia njiani na Uweso atatoka.

Jumapili, 10 Februari

Nimemwona Uweso kwa dakika tano. Amekonda, ananuka dawa ya kunguni. Askari aliyesimama nasi ni mtu wa bara, basi nikamwambia mpwa wangu kwa Kidigo huku namwonyesha samaki kama ninayemsifia upishi wa mama yake. Nikasema: nahodha kasema kiunoni, usimfuate. Wewe ukiulizwa, leo, kesho, hata wakikupiga, sema nyayoni. Usibadilishe.

Kaniuliza: kwa nini mjomba?

Nikamwambia: hapo ndipo mlango ulipo.

— Basi nimesikia, mjomba. Nyayoni.

Hakuuliza tena. Alikula samaki mpaka miba.

Nimerudi kwa miguu nikiimba. Mwamvua kaniambia nyamaza, watu watasema tumeshapata dawa ya kupumbaza mahakimu.

Alhamisi, 14 Februari

Faki amekufa. Yule baharia aliyekatwa. Jeraha lilioza, wakamkata mkono, haikufaa. Habari imekuja na chombo cha asubuhi. Umri wake miaka kumi na tisa, wanasema alikuwa ndiyo kwanza amechumbia.

Innalillahi.

Hapa kwetu Mwamvua kafunga mlango wa mbele. Watu hawaji. Kaniuliza mara moja tu: panga lilikuwa la nani? Nikamwambia si la mwanao. Akasema, najua, lakini panga halina jina.

Ijumaa, 15 Februari

Baada ya sala nimemfuata Ernesti. Nimemkuta anakula mihogo ya kuchoma ukutani mwa ofisi. Hakunitania. Hapo nikajua.

Kasema: mzee, umetupeleka mbali sana.

Nikamwuliza mbali vipi, si ulisema bahari kuu haina mwenyewe?

— Nilisema haina mwenyewe. Sikusema haina sheria.

Kanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Mnyang'anyi wa bandarini ni mwizi wa mji ule, mji ule unamhukumu. Lakini mnyang'anyi wa bahari kuu ni haramia, na haramia ni adui wa kila mtu. Serikali yoyote ikimshika yaweza kumhukumu. Unguja yaweza. Kenya yaweza. Hata Mreno, hata Mjapani akipita na akapenda. Na waliomo ndani ya chombo kimoja ni kitu kimoja, mwenye panga na mwenye usukani. Na mtu akifa, kamba.

— Kwa hiyo pasipo na mwenyewe...

— Kila mtu ni mwenyewe, mzee.

Nikakaa chini, pale pale mavumbini, na kanzu yangu ya Ijumaa.

Kisha akaniambia lililobaki, ingekuwa heri asiniambie. Tangu mwanzo Inspekta alitaka kumfanya Uweso shahidi wa serikali. Hakushika panga, alidanganywa, anawajua wenziwe wote. Barua ya kumwombea ilikuwa imeshapigwa taipu. Angekaa miezi kidogo akatoka.

— Barua iko wapi?

— Kwenye faili. Lakini barua ile ni ya korti ya Tanga, mzee. Na nukta yako imeitoa kesi Tanga.

Akakunja gazeti la mihogo yake, akapangusa mikono. Akasema: mimi si baharia, mimi natafsiri tu. Lakini kiuno cha Wapemba! Eh, mzee Idarusi.

Jumamosi, 16 Februari

Nimeanza kufunga. Kafara ya kiapo cha uongo ni kulisha masikini kumi, na asiye na uwezo afunge siku tatu. Masikini kumi nitawapata wapi wa kuwalisha? Mmoja wao ni mimi.

Mwamvua kashangaa mbona sili, Ramadhani bado mwezi na nusu. Nimemwambia tumbo. Kanikorogea uji wa pilipili manga. Nimeumwaga uani, kuku wamepiga chafya.

Mahabusu wamezuia kuonana. Amri. Tangu kifo kile hakuna jamaa kuingia. Chakula kinapokelewa mlangoni, kinachomwachomwa kwa waya, ndipo kinakwenda.

Jumatatu, 18 Februari

Siku ya tatu ya funga. Kiapo kimelipwa huko juu, labda. Huku chini nukta iko pale pale.

Jumatano, 20 Februari

Nimekwenda kwa Inspekta kwa miguu yangu. Safari hii sikupewa chai.

Nimesema: bwana, niliapa uongo. Kiunoni ni kiunoni, ni maili moja na nusu. Andika.

Akaniangalia. Ana macho ya mtu anayelala vibaya, simwonei uchungu lakini nimeyaona. Akasema kwa Kiswahili chake kile cha kuvunjika, bila ya kumngoja Ernesti: mtu hajakufa, maili sita. Mtu amekufa, maili moja na nusu. Bahari yako inatembea, mzee!

Nikasema nifunge. Kasema, nikufunge nipate nini? Nikiandika kwamba uliapa uongo mara ya kwanza, nani atasadiki ya pili? Tena wewe ni mjomba wake. Nilipokuita sikujua. Mjini wananiambia mzee huyo hajasema neno la kweli tangu zama za Mdachi, isipokuwa akiwa usukanini.

Lo! Na mimi niliyekuwa najisifia hilo.

Lakini ameniambia jambo. Tarehe ishirini na saba kutakuwa na kikao hapa Tanga. Anakuja Bwana wa Mombasa, anakuja Bwana wa Unguja, na mwanasheria kutoka Dar es Salaam. Watapanda motaboti waende wakapaone mahali kwa macho. Watakwenda na mimi, na nahodha Shekhe, na Uweso.

Nimetoka pale kifua kimefunguka. Nahodha atakuwepo! Maneno yake ya kwanza ni kiunoni, yameandikwa. Atasema kiunoni, nitasema kiunoni, nukta itarudi ndani na barua itatoka kwenye faili.

Ijumaa, 22 Februari

Hakuna jipya. Mvua kidogo. Nimempelekea Uweso boga la nazi, limerudi lina matundu kama kichujio. Hakuligusa au hakupewa.

Jumatatu, 25 Februari

Nahodha Shekhe amefika, amefikia kwa jamaa zake karibu na msikiti. Nimekwenda kumpa mkono wa tanzia. Mtu mfupi, mpana, ndevu zimeingia mvi upande mmoja tu. Amenikaribisha mkekani, kanimiminia kahawa mwenyewe.

— Pole nahodha kwa msiba.

— Tushapoa.

Tukanywa mpaka kahawa ya pili. Mimi kunyamaza siwezi, nikaanza.

— Nahodha, wewe ulisema kiunoni.

— Nilisema.

— Na kiunoni ni kiunoni, Wete na Tanga.

— Popote.

— Basi keshokutwa tutasema hivyo.

Akaweka kikombe chini taratibu. Kasema: mzee Idarusi, wewe ni rubani, umeapa kwa msahafu kwamba ni nyayoni. Mimi nani nikupinge? Kulikuwa na kiza bado. Mdogo wangu anatoka damu, ninamziba kwa kilemba changu. Mtu katika hali hiyo atatazama mlima? Nitasema nilikosea. Nitasema rubani ndiye aliyepata.

Kumbe ameshaelezwa sheria. Wenye kuijua sheria ni wengi mno mwaka huu!

Nikamwambia: nahodha, kijana wetu hakumkata Faki.

— Na aliyemkata alifikaje? Aliogelea?



Kasema Faki alikaa siku kumi na tatu. Kila siku anauliza, kaka, wamekamatwa wote? Namwambia bado mmoja. Nilimwosha kwa mikono yangu. Mkono mmoja wa kuosha badala ya miwili, unamaliza upesi, mzee. Unamaliza upesi mno.

Hakupandisha sauti hata mara moja. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akanivalisha viatu kama mwanawe. Nimepita barabara nzima watu wakinisalimu na sikupata mzaha hata mmoja wa kuwajibu.

Jumanne, 26 Februari

Sasa amebaki Uweso mwenyewe. Wataulizwa watatu, na yeye ndiye aliyeshika usukani, anapajua kuliko sote. Akisema kiunoni, pana tumaini — mshitakiwa na rubani dhidi ya nahodha, na karatasi ya kwanza ya nahodha inasema vile vile. Lakini Uweso hasemi kiunoni. Nilimwambia nyayoni, hata wakikupiga.

Tangu alfajiri natafuta njia ya kumfikia. Askari wa bara amehamishwa. Aliyepo sasa ni Mbondei wa Muheza, nimemwomba kwa Kibondei, kwa Kiswahili, kwa Mungu. Kasema mzee nina watoto. Nimemfuata Ernesti, kasema haingii ndani mpaka aitwe, na akiitwa anakwenda na Inspekta. Akataka kulia, nami nikamwambia acha upumbavu, Wanyamwezi hawalii. Nimeandika kikaratasi nikakitia ndani ya kitumbua. Kimerudishwa, kimefunuliwa, na onyo: nikirudia hata chakula kitazuiwa.

Mchana nimemwambia Mwamvua. Yote. Nukta, kiapo, Kidigo, barua ya taipu. Alikuwa anachekecha unga. Nilipomaliza aliendelea kuchekecha. Unga ukaisha kwenye chekecheke, akaendelea, anachekecha hewa. Kisha akasema: wewe kaka, tangu tulipokuwa wadogo ukinidanganya nacheka.

Akaingia ndani.

Hiyo tu. Laiti angenitukana.

Jumatano, 27 Februari

Naandikia baharini, goti ndiyo meza. Hawajali, wanadhani naandika dua.

Nianze mwanzo. Asubuhi wakubwa wamekaa kikao saa mbili nzima. Wametoka wanapeana mikono na kuwashiana sigara. Wamepatana! Ushirikiano, Ernesti kanong'oneza, ndilo neno walilokuwa wakilitaja. Watakavyosaidiana, watakavyopelekeana mahabusu na mashahidi bila ya simu nyingi. Vizuri, tena vingefaa miaka mingi iliyopita. Ila mwezi mzima hakuna aliyetaka kumlisha Uweso, na leo mahali pakithibitika ni bahari kuu, kila mmoja yuko tayari kumhukumu kwake. Bwana wa Unguja ndiye wa mbele, maiti ni yake.

Uweso wamempakia wa kwanza, wakamtia chumba cha chini na mlango ukafungwa. Sikuona ila kisogo chake. Wamemnyoa.

Tumetoka. Mnara ukawa shingoni, ukashuka, ukafika kiunoni. Nikasimama nikasema: hapa! Simamisheni! Wakasimamisha. Nikasema yote mbele ya wote, kwamba niliongopa, kwamba hapa ndipo, teremsheni bildi, kamba ya kupimia kina, mtaona timazi inafika chini mara moja, nahodha hatii nanga pasipo na chini. Ernesti kanitafsiria vizuri. Nahodha Shekhe akaulizwa. Akatazama Mlinga, akautazama muda mrefu, midomo inacheza. Kasema: si hapa. Nanga hatukutia, nilisema vibaya. Tulikuwa tunaelea. Mbali zaidi.

Mwanasheria akafunua faili akanionyesha sahihi yangu. Nzuri ile sahihi. Hakuna asiyeitambua.

Nikasema mwulizeni kijana, mleteni juu asikie. Inspekta kasema ataulizwa kila mahali kwa zamu, na wewe mzee ukimwambia neno moja, moja tu, unarudi na pingu na maneno yake yote hayatafaa kitu. Basi wakamleta. Nilisimama nyuma ya askari wawili. Uweso anapepesa macho kwa jua, kama mtoto aliyeamshwa. Wakamwuliza: ni hapa? Akatazama mnara. Akatazama Mlinga. Kasema: hapana bwana. Mbele.

Mbele! Anajua ni hapa. Naapa anajua, nimemfundisha alama hii mwenyewe, alikuwa hajaota meno ya pili.

Wakamrudisha chini. Tukaenda maili nyingine nne na nusu, na kila maili mnara unapungua, nami nahesabu viungo kama mtu anayemwosha maiti.

Sasa tupo hapa. Mnara uko nyayoni mwa Mlinga. Maji meusi, bildi imeteremshwa mpaka kamba ikaisha. Uweso ameletwa tena. Wakamwuliza ni hapa? Kajibu kabla Ernesti hajamaliza kutafsiri: ndiyo bwana, ndipo hapa, nyayoni. Kwa sauti kubwa, anafurahi kama aliyeshinda bao. Ndipo akanitafuta kwa macho, akaniona. Akajizuia kutabasamu.

Wakubwa wamekwenda upande wa kivuli kunywa chai kwanza. Mkate wenye nyama katikati. Wakimaliza Uweso ataweka kidole gumba kwenye karatasi, nahodha shahidi, Ernesti shahidi. Nahodha Shekhe hali. Amegeuka ameitazama Pemba, na Pemba haionekani.

Uweso amekaa kwenye kasha la kamba, hatua nane kutoka nilipo. Hatua nane! Askari kati yetu. Nikipiga kelele, Inspekta atasema nimemfundisha, na neno lake la kweli halitafaa tena. Nikinyamaza ataweka kidole.

Nimemtikisia kichwa. Kaona. Ameinamisha uso, mabega yanamcheza — anacheka! Anadhani ni mzaha. Miaka yote nilipomwambia hapana kwa uso mzito alijua nyuma yake mna peremende.

Namtikisia tena. Nimekunja uso kadiri ninavyoweza, machozi yananitoka, na yeye anazidi. Ananikonyeza.

Wamemaliza chai. Ernesti amekuja na kidau cha wino, hanitazami. Askari anamfungua Uweso pingu ya mkono wa kulia, na Uweso ameshanyoosha kidole kabla hajaambiwa, na mimi nimesimama, na askari anasema kaa mzee, kaa, na mimi si—